Hamsini kwa Tatu

“Vitabu kumi, A5, hamsini kwa tatu, nyeupe njano pinki, namba kuanzia moja, vitobo kushoto, jalada la manila, mgongo wa tepu.”

Hiyo ni oda kamili ya vitabu vya risiti. Inasomwa kwa simu kutoka duka la steshenari kando ya barabara kuu ya Masumbwe kwenda kwenye mashine kubwa za Kahama au Mwanza, na anayeipokea hana haja ya kuuliza swali. Anaandika, anairudia, anataja bei na siku. Lakini aliyeagiza, tuseme mhasibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, hakuingia dukani na maneno hayo. Aliingia akisema anataka vitabu vya risiti, na viwe vizuri. Kazi ya kwanza ya fundi wa dukani, kabla wino haujagusa karatasi, ni kulifungua hilo neno “vizuri” hadi lisibaki hata nusu ya shaka.

“Nakala ngapi, mzee?”

“Ya mteja na ya kwetu.”

“Mkaguzi akija anachukua ipi?”

Mzee ananyamaza kidogo. “Basi weka tatu.”

“Hamsini kwa tatu. Zote zichanike, au moja ibaki kitabuni?”

“Hiyo moja ibaki. Ndiyo ushahidi wetu.”

Napenda sana kusikiliza mahojiano haya. Yana adabu ya duka na ukali wa hesabu kwa wakati mmoja. Fundi hamwambii mzee kwamba hajui anachotaka. Anamuuliza kwa mpangilio, na kila jibu linafunga mlango mmoja wa hasara. Hamsini kwa tatu maana yake seti hamsini kwa kila kitabu, kila seti karatasi tatu, jumla karatasi 150. A5 ni nusu ya A4. Vitabu kumi basi ni seti 500, na kwa kuwa A4 moja hutoa A5 mbili, zinatakiwa A4 nyeupe 250, njano 250 na pinki 250, pamoja na za ziada, maana mashine haianzi kazi bila kuharibu chache. Fundi mzoefu ameshapiga hesabu hiyo kichwani kabla mzee hajamaliza kuvuta kiti.

Masumbwe ni mji wa kupita na wa kukaa. Malori ya Rwanda na Burundi huupitia yakitoka Kahama kuelekea Ushirombo na Lusahunga. Wakulima wa tumbaku, pamba na mpunga huja kununua na kuuza. Wachimbaji wadogo wa Mbogwe hushuka na fedha taslimu. Watu wengi wanaouziana hapa hawajuani kwa majina, na pengine hawataonana tena. Mahali kama hapa, karatasi tatu zenye namba moja ni jambo zito. Ndiyo sababu ya mimi kuiheshimu kazi hii ambayo wengi huiona ni ya kutoa kopi tu.

Mwaka 2012 uliwapa mafundi hawa mtihani wa pekee. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Masumbwe, ambayo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga, ikawa ndani ya wilaya mpya ya Mbogwe. Ardhi haikusogea hata hatua moja, lakini kila karatasi yenye kichwa cha ofisi ilipitwa na wakati: barua za shule, fomu za zahanati, hati za malipo, vyeti, mihuri. Mpaka wa kiserikali ukibadilika, mchapaji ndiye anayeuhamisha kutoka kwenye Gazeti la Serikali hadi kwenye meza ya mtendaji wa kijiji.

Turudi kwenye karatasi yenyewe, maana ndiyo nusu ya ufundi.

Mchapaji akisema “gramu 80” hazungumzii uzito wa ile karatasi aliyoishika. Anazungumzia uzito wa karatasi hiyo kama ingekuwa na eneo la mita moja ya mraba. Familia nzima ya A imejengwa juu ya kipimo hicho. A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikikatwa katikati inazaa A1, nayo A2, kisha A3, kisha A4, ambayo ni sehemu ya 16 ya A0. Milimita 210 kwa 297 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha: ni uwiano ambao ukikata karatasi katikati, umbo la kipande ni lilelile la mama yake. Wajerumani waliufanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1922 kwa kazi ya Walter Porstmann, na leo fundi wa Masumbwe anapopunguza A4 kuwa A5 kwenye mashine ya kopi bila kukata maneno pembeni, anafaidi hesabu ya bwana huyo.

Kutokana na hesabu hiyo kuna jambo moja linalowafaa sana watu wa ukanda wa dhahabu, ambako gramu inajulikana hata na watoto. A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, ikipungua basi ni kwa kiasi kisichoonekana. Rimu ya karatasi 500 ni kama kilo 2 na nusu. Sasa kuna rimu zinazouzwa kwa jina la gramu 80 ambazo hazifiki. Vidole vya fundi mkongwe hugundua: anaishika karatasi pembe moja, anaitikisa, anasikiliza mlio wake. Asiye na vidole hivyo na apeleke karatasi kumi kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Zikisoma 50, amenunua alicholipia. Zikisoma chini kidogo ya 44, ameuziwa gramu 70, na karatasi hiyo ikichapwa pande mbili, maneno ya nyuma yatachungulia mbele.

Rimu wengi wanaijua kwa sababu ya shule. Fomu za kujiunga mara nyingi zimekuwa zikimtaka mwanafunzi aende na rimu yake kwapani. Lakini kuna kipimo kingine ambacho kila mwanafunzi wa sekondari hukitaja bila kukifikiria: kwaya. Kaunta buku ya kwaya mbili, ya kwaya tatu, ya kwaya nne. Wauza duka hupanga bei kwa hizo kwaya, na wazazi hujadiliana kama somo la Uraia linastahili kwaya tatu au mbili zitatosha. Kwaya ni hesabu ya zamani ya watengeneza karatasi: karatasi 24 kubwa. Ikunje kila moja katikati upate majani 48, yenye kurasa 96. Ndiyo maana kaunta ya kwaya mbili ina kurasa 192, ya tatu 288 na ya nne 384. Kwaya 20 zilifanya rimu moja ya karatasi 480; baadaye kwaya ikasawazishwa kuwa 25 na rimu ikawa 500. Kaunta buku imebaki na ile 24 ya zamani. Mzazi akihesabu kurasa na kukuta 288 kamili, ajue mfungaji vitabu hakumwibia hata jani.

Majina mengine ya dukani ni mepesi. Bondi ni karatasi ya kawaida ya kuandikia na kuchapia. Manila ni ile ngumu ya majalada na ya walimu kuchorea ramani. Ya kung'aa ni ya kalenda na mabango madogo. Kaki ni ya bahasha za ofisi, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kaki imepanda cheo sokoni kwa kuwa mifuko ya nyanya na vitumbua. Tanzania ina kiwanda chake cha karatasi, Mgololo wilayani Mufindi, kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa misonobari ya Sao Hill, na karatasi imara ya aina ya kaki imekuwa sehemu kubwa ya kazi yake. A4 nyeupe nyingi tunazozitumia hutoka nje ya nchi, kwa hiyo shilingi ikiyumba, bei ya kopi Masumbwe inayumba nayo.

Karatasi ina kitu kingine ambacho mteja hakioni: uelekeo wa nyuzi. Kiwandani, nyuzi za mti hulala kufuata mwendo wa mashine. Chana karatasi kwa upande mmoja, itapasuka karibu na mstari mnyoofu. Ichane kwa upande wa pili, itakwenda kombo. Kitabu kizuri nyuzi zake hufuata mgongo, ndipo kurasa hulala zikifunguliwa. Zikiukata mgongo, kitabu hukaza kama kiatu kipya na hujifunga chenyewe mezani. Tena karatasi hunywa unyevu. Wakati wa masika, rimu iliyoachwa wazi usiku kucha asubuhi ina mawimbi pembeni, na mashine huzila karatasi mbili mbili au huzikunja. Fundi makini haifungui rimu mpaka saa ya kazi, na akiletewa karatasi kutoka mbali huiacha kwanza ndani ya chumba cha mashine izoee hewa. Mteja mwenye haraka huona anacheleweshwa. Hacheleweshwi.

Kwa vitabu vya risiti, bondi haitumiki. Hapo ndipo inapoingia NCR, na hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Zamani seti za risiti zilitenganishwa kwa kaboni, ile karatasi nyeusi au ya bluu iliyochafua vidole na kola za mashati. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Marekani ya National Cash Register ilileta karatasi isiyohitaji kaboni, kazi ya wakemia wake Barrett Green na Lowell Schleicher. Mgongo wa karatasi ya juu umepakwa vidonge vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa rangi ambayo bado haina rangi. Uso wa karatasi ya chini umepakwa dawa nyingine. Kalamu ikikandamiza, vidonge hupasuka, kimiminika chake hukutana na dawa ya chini, na papo hapo huwa bluu au nyeusi. Sahihi ya mzee juu ya karatasi nyeupe inazaliwa upya kwenye njano na pinki kwa kani ya mkono wake mwenyewe.

Sasa angalia mtego uliopo. Ya juu, ambayo wachapaji huiita CB, imepakwa mgongoni tu. Ya katikati, CFB, imepakwa pande zote mbili, ipokee na itoe. Ya chini, CF, imepakwa usoni tu. Hizo herufi huandikwa kwenye pakiti ya rimu. Ukishaifungua na kuchanganya, nyeupe ya juu na nyeupe ya chini zinafanana kama mapacha. Anayechapa upande usio wake, au anayepanga njano chini na pinki katikati bila kujua ipi ni ipi, atatengeneza vitabu kumi vizuri vya kutazama ambavyo havinakili chochote. Kwa hiyo kabla ya kuanza, fundi huweka karatasi mbili moja juu ya nyingine na kuikwaruza ya juu kwa ukucha. Mstari wa bluu ukijitokeza chini, anaendelea. Ukucha huo umeokoa fedha nyingi.

NCR huchapwa kwa mguso mwepesi. Hata lile bamba la mashine ya kukatia, linaloshuka kuibana karatasi kabla ya kisu, likibana kupita kiasi hupasua vidonge na kuacha mstari wa bluu pembeni mwa kila nakala. Ukiona kitabu cha risiti ambacho nakala zake ni safi hadi ukingoni, aliyekata alikuwa na subira.

Kuchapa kwenyewe hufanywa kwa ofseti kama oda ni kubwa. Nitapita haraka. Pleti ya alumini ina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazopenda mafuta. Wino, ulio wa mafuta, hukaa kwenye maandishi tu na kukimbia penye maji. Pleti haigusi karatasi. Inahamisha picha kwenye blanketi la mpira, na blanketi ndilo linaloiweka juu ya karatasi. Siri ya maji na mafuta iligunduliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, akitumia jiwe. Mashine ndogo ya Heidelberg GTO, iliyotoka mwaka 1972, bado inaendeshwa katika viwanda vingi vya uchapaji, na ukiwa nje ya mlango unaisikia: mdundo mmoja usiobadilika. Mdundo ukibadilika, mwendeshaji anageuka kabla wewe hujasikia kitu.

Kabla ya pleti kuna prufu. Fundi humpa mteja karatasi moja na kumtaka asome na kusaini. Wateja wengi hutazama kama nembo ni nzuri, wakasaini. Fundi mwema hakubali. Anaishika mwenyewe na kusoma namba ya simu kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha TIN, kisha S.L.P., kisha anasoma tena kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa jicho linaloteremka huona kile linachotarajia. Tarakimu moja ikikosewa kwenye prufu itarudiwa mara 1,500 kwenye oda ya mzee wetu. Uangalifu huu ni wa zamani katika nchi hii. Askofu Edward Steere alifundisha vijana kupanga herufi na kuchapa Unguja katika karne ya 19. Gazeti la Kiongozi lilichapwa na shule ya serikali ya Kijerumani Tanga kuanzia 1904. Na karibu zaidi na kwetu, mitambo ya misheni ya Kipalapala, Tabora, iliyojulikana kama TMP, ilitoa vitabu vilivyosomwa Unyamwezini, Usukumani na Usumbwani. Wapanga herufi wa enzi hizo walishika vipande vya risasi iliyochanganywa na madini mengine, wakasoma mistari iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Kipimo chao, pointi, ambazo takribani 72 hufanya inchi moja, ndicho ambacho mwalimu wa leo hukitaja akisema, “Fundi, niandikie kwa saizi 12.”

Halafu namba. Kwangu mimi hapa ndipo kilele cha kazi nzima.

Oda ina seti 500, na kila A4 imebeba risiti mbili, ya kushoto na ya kulia. Fundi asiyefikiri mbele ataweka 0001 kushoto na 0002 kulia, kisha 0003 na 0004. Zinapendeza kwenye meza. Kisu kikishuka katikati, atabaki na rundo moja la namba witiri na rundo jingine la namba shufwa, na itambidi aziingize moja moja kwa mkono hadi usiku. Mwenye akili ya kazi huanza upande wa kushoto na 0001 na upande wa kulia na 0251. Mashine ina vichwa viwili vya namba, kila kimoja kinahesabu chake. Kushoto kunaishia 0250, kulia kunaishia 0500. Kisu kinakata mara moja. Rundo la kushoto linawekwa juu ya la kulia, na namba zote zimejipanga zenyewe kutoka moja hadi mia tano. Vitabu vitano vimetoka upande huu, vitano upande ule. Niliona hili likifanyika na sikusema kitu kwa muda. Ni hesabu ndogo, lakini mtu alilazimika kuiona kazi iliyokamilika kabla haijaanza.

Palipo na oda ndogo, namba hugongwa kwa mashine ya mkono, ile ya chuma yenye kipini juu. Ubavuni ina kidude cha kuchagua marudio: igonge mara moja na kusonga, mara mbili, au mara tatu. Kwa hamsini kwa tatu unaiweka kwenye tatu, unagonga nyeupe, njano, pinki, nayo inasonga yenyewe. Mashine kubwa zinaweza kufanya jambo zuri zaidi: zinagonga seti nzima ya NCR kwa pigo moja. Juu namba inatoka nyekundu kwa wino; chini inatoka bluu kwa kupasuka kwa vile vidonge. Pigo moja, namba moja, karatasi tatu. Hakuna nafasi ya kutofautiana.

Karatasi ikiharibika katikati, fundi haruhusiwi kuiruka. Namba 0137 ikikosekana, siku moja mkaguzi atauliza iko wapi, na mhasibu wa AMCOS atasimama mbele ya wanachama akijitetea kwa kosa la mashine asiyowahi kuiona. Kwa hiyo fundi hurudisha gurudumu la namba nyuma kwa mkono, anatengeneza 0137 mpya, anaiingiza mahali pake, na iliyoharibika anaichana mbele ya mwenzake. Huo ni uaminifu wa mikono, na hakuna anayeulipia zaidi.

Vitobo hupigwa kwa gurudumu la meno au kwa wembe wenye mapengo. Nyeupe na njano hupata vitobo. Pinki haipati, kwa kuwa ndiyo inayobaki. Seti hupangwa kwa kuizunguka meza, mkono mmoja ukichukua na mwingine ukipokea. Kisha pini mbili upande wa kushoto, jalada la manila, tepu ya mgongo, na mwisho kile kipande kigumu cha kukinga seti iliyo chini ili anayeandika risiti ya leo asiandike na ya kesho. Vitabu vilivyosahauliwa kuwekewa kipande hicho huleta ugomvi mwingi maofisini.

Wapo wanaosema kazi hii inakwisha. Mashine za kielektroniki za risiti za kodi, EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na leo risiti ya mafuta au ya dawa hutoka kwa mlio mfupi bila kalamu. Nakubali zimeleta nidhamu ya kodi. Lakini karatasi yake haina wino. Imepakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto, na joto hilohilo, pamoja na jua, huifuta au kuitia weusi. Iache juu ya dashibodi ya gari kiangazi cha Masumbwe uone. Wahasibu wanaojua hupeleka risiti za EFD kwa fundi wa steshenari wakazitolea kopi kwenye bondi kabla ya kuziweka faili. Stakabadhi ya NCR iliyowekwa gizani, mbali na jua na plastiki, hudumu kwa miaka.

Kuna kazi nyingine inayolijaza duka kuliko risiti, nayo ni mitihani. Majaribio ya wiki, ya mwezi, ya utamilifu. Hapo kopi ya kawaida ni ghali, kwa hiyo mwalimu huuliza kama fundi ana Riso, mashine ya kudurufu ya kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1946. Walimu wastaafu wanamkumbuka mama yake: stensili ya nta iliyopigwa kwa taipureta isiyo na utepe, ikavalishwa kwenye silinda ya Gestetner na kuzungushwa kwa mkono. Riso imehifadhi wazo hilo. Inasoma karatasi ya mwalimu, inatoboa vitundu vidogo kwa joto kwenye utando mwembamba unaoitwa masta, inauvisha kwenye silinda iliyojaa wino ndani, na wino hupenya vitundu hadi kwenye karatasi inayopita kasi, zaidi ya 100 kwa dakika. Masta ndiyo gharama. Ukishailipia, nakala ya mia mbili ni karibu bei ya karatasi yake tu. Kwa nakala tano fundi mwaminifu atakwambia, “Mwalimu, hizi tutoe kopi,” ingawa angeweza kukutoza masta.

Wino wa Riso haupikwi kwa joto, kwa hiyo haukauki papo hapo. Anayetaka pande mbili hungoja upande wa kwanza ukauke na kushika, la sivyo maswali ya ukurasa wa pili yatabeba kivuli cha wa kwanza. Fundi huzipepea karatasi, huzigonga mezani pande zote nne zisimame sawa, huhesabu kwa kidole gumba katika mafungu ya kumi kumi, na huziweka kwenye bahasha za kaki kwa idadi ya kila mkondo, na mbili za akiba juu yake.

Mwalimu anayekabidhi mtihani dukani ana haki ya kudai vitu vitatu kabla hajaondoka: karatasi yake halisi, ambayo husahauliwa chini ya kifuniko cha mashine, nakala zote zilizoharibika, hata ile iliyokunjamana pembeni mwa meza, na masta iliyotumika. Hii ya tatu wengi hawaijui. Masta haipotei ikimaliza kazi. Mashine huivua kwenye silinda na kuisukuma ndani ya kisanduku chake cha taka, na aliye na nia mbaya akiikunjua taratibu, ikiwa bado na wino, atausoma mtihani wote swali kwa swali. Mafundi ninaowaheshimu hawangoji kuombwa. Hufungua kisanduku mbele ya mwalimu, huitoa kwa ncha za vidole vyeusi, huichoma uani, na ndipo huandika risiti.